UKOKO NDANI YA BOILA: Makaa ya Mawe Yachomwapo Pamoja na Mabua

Tuchukue kilo moja ya makaa ya mawe ya aina ya kawaida na kilo moja ya mabua makavu ya ngano, tuvichome mbalimbali mpaka vimalizike, kisha tupime majivu yaliyobaki. Makaa yatatuachia kiasi cha gramu 120. Mabua yatatuachia gramu 45 au 50 tu. Mtu asiyeizoea kazi ya boila atasema mara moja kwamba mabua ndiyo fueli iliyo safi zaidi. Lakini mhandisi wa kituo cha umeme akiambiwa kwamba kuanzia kesho atachanganya mabua hayo na makaa yake, haziogopi zile gramu 120. Aziogopa zile 45.

Katika makala haya tutajaribu kueleza sababu ya hofu hiyo. Jambo lenyewe si dogo. Nchi nyingi zimeamua kupunguza makaa ya mawe kwa kuyachanganya na mabua, pumba, magogo na mabaki mengine ya mimea, kwa kuwa kaboni itokayo katika mimea ilitwaliwa na mimea hiyo hiyo kutoka hewani muda mfupi uliopita. Njia hii ina faida kubwa: hapana haja ya kujenga kituo kipya, boila ni ile ile, tabo ni ile ile. Lakini boila iliyojengwa kwa ajili ya makaa haikujengwa kwa ajili ya majivu ya mabua, na uamuzi uliofanywa bila kuielewa kemia ya majivu hayo waweza kuisimamisha mitambo kwa wiki nyingi.

AINA MBILI ZA UKOKO

Katika boila kubwa za kisasa makaa husagwa kuwa unga laini na kupulizwa ndani ya tanuri pamoja na hewa. Unga huo huwaka ukiwa unaelea, na kiini cha mwali hufikia joto la nyuzi 1,400 mpaka 1,600 za Sentigredi. Kuta za tanuri zimefanywa kwa mabomba ya chuma yapitishayo maji. Gesi za moto zikiisha kutoka katika tanuri hupita katikati ya mafungu ya mabomba mengine, ambamo mvuke huongezewa joto kabla ya kwenda kuizungusha tabo.

Sehemu kubwa ya majivu haianguki chini. Huruka pamoja na gesi kama vumbi, na kila chembe katika safari hiyo huweza kugonga bomba. Ikiwa chembe ni kavu na ngumu, hudunda na kuendelea na safari yake. Ikiwa imeyeyuka, au hata ikiwa imelainika tu juu yake, hunata. Chembe inayofuata huikuta ya kwanza na kunata juu yake.

Ndani ya tanuri penyewe, mahali palipo na joto kali, majivu yaliyoyeyuka huganda kutani kama yale mabonge yaitwayo na wahunzi wetu mavi ya chuma. Mabonge hayo huweza kukua mpaka uzito wake uyaangushe, na bonge zito liangukapo kutoka juu ya boila yenye urefu wa jengo la ghorofa nyingi, hubomoa mabomba yaliyo chini. Mbele zaidi, penye mafungu ya mabomba ya mvuke, gesi zimekwisha kupoa kidogo, nao ukoko wa hapo ni wa namna nyingine. Huanza na utando mwembamba wa chumvi zilizokuwa mvuke ndani ya moto, zikagandamana juu ya chuma kilicho baridi kuliko gesi, kama umande ugandavyo juu ya jani alfajiri. Utando huo ndio gundi ya vumbi lijalo nyuma. Tutauita ukoga, kwa kuwa wafanana sana na ukoga wa meno: huanza bila kuonekana, na ukiachwa hugeuka jiwe.

Madhara ya namna zote mbili huanza na joto. Tabaka la majivu laini hupitisha joto kwa kiasi kilicho chini ya sehemu moja ya mia ya kile kipitishwacho na chuma. Hivyo gesi hubaki na moto wake, mvuke haupati joto lake, na mwendeshaji hulazimika kuongeza fueli ili apate umeme ule ule. Kuongeza fueli huongeza moto, na moto huongeza ukoko. Hapo ndipo mabomba maalumu ya kupuliza mvuke hutumiwa kuusafisha ukoko huku boila ikiendelea kufanya kazi. Lakini ukoko uliokwisha kuyeyuka na kugeuka kioo hausikii mvuke.

KWA NINI MAJIVU HUYEYUKA MAPEMA

Fundi wa redio ajua jambo ambalo mwanafunzi wa kemia aghalabu hulisahau baada ya mtihani. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, bati huyeyuka kwa nyuzi 232; lakini mchanganyiko wa hivyo viwili, ukifanywa kwa kipimo cha sehemu 63 za bati kwa 37 za risasi, huyeyuka kwa nyuzi 183 tu. Mchanganyiko umeyeyuka kabla ya wazazi wake wote wawili. Ndiyo maana waya wa kulehemu hufanya kazi.

Majivu nayo ni mchanganyiko. Silika, ambayo ndiyo mchanga mweupe, haiyeyuki mpaka ifikie nyuzi 1,700 na zaidi. Lakini silika ikikutana na oksidi ya potasiamu kwa kipimo fulani, mchanganyiko wao huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 770. Tofauti hiyo ya nyuzi zaidi ya 900 ndiyo kiini cha somo letu. Mabua ya ngano yana silika nyingi, kwa maana ndiyo iwezeshayo bua jembamba kusimama. Tena yana potasiamu nyingi, kwa maana kila mmea huihitaji ili kuendesha maji mwilini mwake. Mmea umejitengenezea wenyewe, bila kujua, mchanganyiko wa kufanyia kioo.

Wazee wetu waliijua potasiamu hii kwa ladha kabla ya kuijua kwa jina. Katika sehemu za magharibi ya Kenya majivu ya maganda ya maharagwe humwagiwa maji, na maji yachujwayo hutiwa katika mboga ngumu ili zilainike upesi. Kwingineko maji ya majivu yametumika kufanyia sabuni. Maji hayo huteleza vidoleni na kuigeuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa buluu, kwa sababu yana kaboneti ya potasiamu. Majivu ya makaa ya mawe hayafai kwa kazi hiyo. Potasiamu imo ndani yake, lakini imefungiwa katika udongo wa mfinyanzi uliozikwa pamoja na mimea ya kale, na maji hayaitoi. Moto pia huitoa kwa shida.

Basi tofauti kubwa haiko katika kiasi cha potasiamu peke yake, bali katika jinsi ilivyokaa. Katika mabua potasiamu iko huru, nayo huambatana na klorini. Mabua yaingiapo motoni hutoa kloridi ya potasiamu kama mvuke, na mvuke huo ndio ule unaoganda kama umande juu ya mabomba.

HESABU NDOGO YA MCHANGANYIKO

Mtu aweza kudhani kwamba tukichanganya fueli mbili tutapata tabia iliyo katikati ya hizo mbili. Sivyo. Vitu vilivyomo katika makaa na vilivyomo katika mabua hukutana motoni na kutendana. Hebu tufanye hesabu, ambayo mwalimu wa Kidato cha Tatu aweza kuitumia kama zoezi la moli.

Tuseme twataka megajuli 100 za joto, na kwamba 20 kati yake zitoke katika mabua. Kilo moja ya makaa mazuri yatoa kama megajuli 25, na kilo moja ya mabua kama megajuli 14.5. Basi tutahitaji kilo 3.2 za makaa na kilo 1.38 za mabua. Tuchukulie kwamba majivu ni asilimia 12 ya makaa, na kwamba robo ya majivu hayo ni oksidi ya alumini, kama ilivyo katika makaa mengi yenye udongo wa mfinyanzi. Tutapata gramu 384 za majivu, zenye gramu 96 za Al2O3, yaani karibu moli 1.9 za alumini. Potasiamu ya mabua tuikadirie kuwa asilimia 1: gramu 13.8, yaani moli 0.35. Kwa hiyo kila atomi moja ya potasiamu iliyo huru inazungukwa na atomi zaidi ya tano za alumini.

Jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu udongo wa mfinyanzi uliochomwa huikamata potasiamu:

2KCl + Al2O3.2SiO2 + H2O → 2KAlSiO4 + 2HCl

Kile kipatikanacho, KAlSiO4, huyeyuka kwa joto linalozidi nyuzi 1,500. Hakinati. Potasiamu iliyotaka kuwa gundi imefungwa tena gerezani, katika udongo wa makaa. Salfa ya makaa nayo, ambayo kwa kawaida twailaumu kwa kuchafua hewa, hapa hufanya kazi ya manufaa:

2KCl + SO2 + ½O2 + H2O → K2SO4 + 2HCl

Salfeti ya potasiamu huyeyuka kwa nyuzi 1,069, ilhali kloridi huyeyuka kwa nyuzi 770 hivi. Tena katika njia zote mbili klorini hutoka ikiwa gesi ya haidrojeni kloridi na kuelekea kwenye dohani, badala ya kulala juu ya chuma.

Sasa turudie hesabu ile ile, lakini mabua yatoe nusu ya joto. Makaa yatakuwa kilo 2, na alumini moli 1.2 hivi, mabua yatakuwa kilo 3.45, na potasiamu moli 0.88. Ile hazina ya atomi tano kwa moja imeshuka na kuwa moja na theluthi kwa moja. Nayo ni hesabu ya karatasi tu. Motoni chembe hukaa sekunde chache, na alumini nyingi imefichika ndani ya vitone vya kioo ambako potasiamu haifiki. Kwa hakika hazina imekwisha. Mwanafunzi akiendelea na hesabu mpaka mabua yawe peke yake, ataona kwamba hapana wa kuikamata potasiamu tena.

Msomaji ataona pia kwamba yote haya yategemea makaa yenyewe. Makaa yenye udongo mwingi wa mfinyanzi ni mwenzi mwema. Makaa yenye chuma kingi au chokaa nyingi katika majivu yake huweza kuyeyuka mapema hata bila mabua, kwa kuwa chuma na chokaa nazo huishusha silika. Kwa hiyo hapana kipimo kimoja kifaacho kila mahali.

YALIYOONEKANA DENMARK

Nchi iliyolishughulikia jambo hili kwa bidii kuliko nyingi ni Denmark, ambako ngano na shayiri hulimwa kwa wingi na mabua hubaki mashambani. Mwaka 1993 vyama vya siasa vya nchi hiyo vilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2000 vituo vya umeme viwe vikichoma tani milioni 1.4 za fueli za mimea kila mwaka, na milioni 1.2 kati yake ziwe mabua. Kazi ikawaangukia wahandisi.

Katika kituo cha Studstrup, karibu na mji wa Aarhus, boila moja ya makaa yenye uwezo wa megawati 150 ilibadilishwa ili ichome mabua pia, na majaribio yakafanywa kuanzia mwaka 1996 mpaka 1998. Mabua yalitoa asilimia 10, kisha asilimia 20 ya joto. Ukoko uliongezeka, hasa mabua yalipofikia asilimia 20, lakini kazi iliweza kuendelea. Hayo yalingana na hesabu yetu. Katika kituo cha Grenaa, kilichoanza kazi mwaka 1992 kwa boila ya namna nyingine ambayo fueli huwakia katika mchanga uliopeperushwa na hewa, mabua yalitoa karibu nusu ya joto, na huko ukoko na kutu ya mabomba vikawa taabu kubwa.

Kutu hiyo yastahili maneno machache, kwa kuwa ndiyo hasara iliyo ghali zaidi. Kloridi ikilala juu ya bomba la mvuke lenye joto la nyuzi 500 na zaidi, klorini hupenya chini ya ganda la oksidi na kukikuta chuma. Huungana nacho kuwa kloridi ya chuma. Kloridi hii huvukiza na kutoka nje, na ikikutana na oksijeni:

4FeCl2 + 3O2 → 2Fe2O3 + 4Cl2

Tazama upande wa kulia. Klorini imerudi ikiwa huru, tayari kuingia tena. Haimaliziki kazini. Chembe chache huweza kukila chuma kingi kwa zamu zisizokwisha, na ganda la kutu liachwalo ni legevu, halikingi kitu. Ndiyo sababu boila zichomazo mabua peke yake hulazimika ama kuushusha moto wa mvuke, na kwa hiyo kupata umeme mchache zaidi kwa kila kilo ya fueli, ama kutumia chuma cha pua cha bei kubwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nadhani wahandisi wengi hawakulitazamia. Vumbi la majivu ya makaa huuzwa kwa viwanda vya saruji na zege, na mapato yake si haba. Kanuni ya kwanza ya Ulaya kuhusu majivu ya zege ilihesabu majivu ya makaa peke yake. Majivu yaliyochanganyika na ya mabua yalikuwa nje ya kanuni, hata kama zege lake lilikuwa jema, mpaka kanuni hiyo ilipotazamwa upya mwaka 2005. Kwa miaka hiyo yote kituo kilichochanganya fueli kilijikuta na bidhaa iliyogeuka taka.

Wakulima wa Denmark, kwa upande wao, walikuwa na ujuzi uliowasaidia wahandisi sana. Mabua yaliyokatwa na kukusanywa upesi huwa ya manjano. Yaliyoachwa shambani yakanyeshewa huwa ya kijivu. Mkulima huyadharau ya kijivu, lakini boila huyapenda: mvua imekwisha kuyaosha, na potasiamu iliyobaki ni kama robo ya ile ya mabua ya manjano, au pungufu. Iliyooshwa haikupotea, imerudi udongoni kuwa mbolea.

FUELI ZA KWETU

Pumba za mpunga hutoa majivu mengi mno, hata kufikia sehemu moja ya tano ya uzito wake. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya majivu hayo aghalabu ni silika, na potasiamu ni kidogo, hivyo hayayeyuki kwa urahisi. Ubaya wake ni mwingine: husugua na kuyakwangua mabomba kama msasa. Maganda ya kahawa ni kinyume chake. Majivu ni machache, potasiamu ni tele. Sasa mtu mwenye vyote viwili ghalani asidhani kwamba akivichanganya kimoja kitapunguza ubaya wa kingine. Amechukua silika mkono wa kulia na potasiamu mkono wa kushoto. Hiyo ni karakana ya kioo.

Viwanda vya sukari, kama vile vya Kilombero na Moshi, huchoma makapi ya miwa katika boila zake. Makapi hayo yana bahati ya pekee. Muwa hukamuliwa na kumwagiwa maji mara kadhaa ili usibaki na sukari, na maji yale yale huiondoa potasiamu pia, ambayo mwishowe hukusanyika katika molasi. Makapi yanapofika kwenye tanuri yamekwisha kuoshwa, bila mtu kukusudia kuosha. Majani ya miwa yaachwayo shambani hayakupitia njia hiyo. Atakayetaka kuyaongeza katika boila yapasa ayapime kwanza, tena aangalie mchanga na udongo vilivyozolewa pamoja nayo.

Nchini Tanzania makaa ya mawe yapo Kiwira na Ngaka, na mashamba ya mpunga ya Kyela na Usangu hayako mbali sana na Kiwira. Mawazo ya kuvikutanisha hayakosi kuja. Yajapo, swali la kwanza lisiwe kiasi cha majivu.

JARIBIO LA DARASANI

Jambo la kuosha laweza kuonyeshwa katika maabara ya shule yoyote. Katakata kiganja kimoja cha mabua ya mpunga yaliyokauka bila kunyeshewa, uyaloweke katika maji yaliyotoneshwa kwa usiku mmoja. Fanya hivyo hivyo kwa mabua yaliyokaa shambani majira yote ya mvua. Chuja kila maji mbali. Ya kwanza yatakuwa na rangi ya chai.

Tia kiasi kidogo cha kila maji katika neli ya majaribio, ongeza matone ya tindikali nyepesi ya nitriki, kisha matone ya nitrati ya fedha. Mashapo meupe huonyesha kloridi. Tindikali isiachwe, kwa maana kaboneti nayo hutoa mashapo. Na wanafunzi waangalie vidole vyao, nitrati ya fedha huacha madoa meusi yasiyotoka kwa siku kadhaa.

Maji yaliyobaki yachemshwe katika bakuli mpaka yakaribie kukauka. Chovya ncha ya waya safi wa nikromu, uiweke katika mwali wa buluu. Kwanza utaona manjano ya sodiamu, ambayo huifunika rangi nyingine yoyote. Tazama tena kupitia kioo cha buluu cha kobalti, ambacho huizuia manjano hiyo: rangi ya zambarau itokeayo ni ya potasiamu. Linganisha mabua ya aina mbili, na wanafunzi waandike ni yapi wangeyapeleka kwenye boila na ni yapi wangeyarudisha shambani.